Nyuzi Mbili Nyekundu

Naibu wa kadhi alifunika kalamu yake.

"Ndoa hii siiandiki," akasema.

Nyuma ya pazia, wanawake waliokuwa wakicheka walisogea kusikiliza. Addi u-Basu alikuwa akimimina chai, na hakuacha kumimina. Miaka yake ya ujandarme, uaskari wa vijijini, ilimfundisha kwamba mtu akikuletea habari mbaya, wewe endelea na kazi ya mikono yako, naye ataendelea kusema.

"Sababu, Sidi Larbi?"

"Bwana harusi na bibi harusi wamenyonya ziwa moja. Zayd na Tuda ni ndugu. Na katika madhehebu yetu hatuhesabu mara ngapi. Funda moja linatosha."

Addi aliweka birika chini. Tuda alikuwa binti yake, ingawa hakumzaa. Mwaka ule mto ulipoufagia mtaa wa chini wa Tadart-Uzru, Tuda aliokotwa, kichanga kisicho na jina, kwenye beseni la kukandia unga lililonasa kwenye matawi ya mlozi. Rkia, mke wa Addi, alikuwa ametoka kumzika mtoto wake mwenyewe na maziwa bado yanamtoka. Alimchukua, akampa ziwa, wakamlea. Sasa Rkia naye alikuwa kaburini, na Tuda ndiye mtu pekee duniani aliyebaki kumwita Addi baba.

Harusi ilikuwa keshokutwa. Kondoo walishafungwa uani, na mmoja wao alikuwa akilia tangu alfajiri kama aliyeambiwa.

"Nani kasema?"

"Nina mambo matatu." Sidi Larbi alikuwa kijana wa Fez, mpole, mwenye viatu visivyojua matope. "La kwanza, jiwe lenu wenyewe, pale mlangoni kwa Nyumba ya Dharura. La pili, Lalla Hadda, mpishi wa Nyumba hiyo tangu siku ya kwanza. Jana alikuja kwangu kwa miguu yake akala kiapo. La tatu, nyuzi."

Nyuzi hakuna aliyehitaji kuelezwa mjini. Wakati wakubwa mkoani walipokuwa bado wanabishana nani atie sahihi ya mahema, wanawake wa Tadart-Uzru walivunja kufuli la ghala la nafaka la ukoo, wakatandika sufu sakafuni, wakawasha moto na kukusanya kila mtoto aliyekosa mtu. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Nyumba ya Dharura, na kila mji wa bonde lile ulioanzisha ya kwake baadaye ulituma watu kuja kuona hapa inavyofanywa. Vichanga walikuwepo, na wenye maziwa walikuwepo, lakini wanawake wale hawakuwa wajinga. Walijua watoto hawa watakua, watapendana, na siku moja kadhi atauliza. Kwa hiyo kila mnyonyeshaji alikuwa na rangi yake. Mtoto aliyeshika ziwa lake alifungwa uzi wa sufu wa rangi hiyo kifundoni, uzi aliousokota mnyonyeshaji mwenyewe, na tangu hapo hakuguswa na ziwa jingine. Mtoto akiachishwa, uzi ulifunguliwa ukawekwa kwenye hirizi yake.

"Uzi wa Tuda ni mwekundu," alisema naibu. "Uzi wa Zayd ni mwekundu. Na nyekundu, mji mzima umeniambia, ilikuwa rangi ya marehemu mkeo."

"Mke wangu hakuwahi kumnyonyesha Zayd. Zayd alinyonya kwa Lalla Yamna, aliyemlea."

"Hilo huwezi kunishuhudia, Ba Addi, samahani. Maziwa ya mke ni ya mume. Wewe ni baba wa Tuda kwa kunyonya. Kinywa chako hakinifai."

"Kipi kitakufaa?"

"Niletee kitu." Sidi Larbi alitafuta neno. "Kitu kisicho na mapenzi ndani yake. Kesho alasiri narudi mkoani. Nikishaondoka, hili limefungwa."

Pazia lilitikisika. Tuda alitoka, hina bado haijakauka mikononi, kaishikilia juu kama mtu aliyeambiwa asalimu amri.

"Baba," alisema, "usipige mtu."

"Nani atapiga mtu?"

"Nakujua."

Aliikata kwa meno kamba ya shingoni mwake akamwachia baba yake, maana viganja vilikuwa na hina. Kwenye kamba ile ilining'inia hirizi ya fedha, na ndani yake mlikuwa na uzi.

*

Addi alianzia kwenye jiwe, kwa sababu jiwe halikimbii.

Lilikuwa la marumaru, limegongwa ukutani na gavana mmoja aliyekuja na mpiga picha wakati watoto walishaanza kutembea. Addi hakusoma sana, lakini herufi zile zilikuwa kubwa kama za bango la sinema: HAPA KILA MTOTO ALINYONYA KWA KILA MAMA.

"Mshairi," akasema kimoyomoyo, akatema mate pembeni.

Lalla Hadda alikuwa jikoni kwa Nyumba, mahali pake pa siku zote, anapepeta dengu. Watoto waliokuwepo msimu ule walikuwa uani wanagombania bembea. Alipomwona Addi hakusimama.

"Umestaafu, lakini pua yako haijastaafu. Nilijua utakuja. Kaa."

"Nani alikutuma, Lalla?"

Alikuwa amemwaza Bu-Azza, mwenye kinu cha unga, aliyemposa Tuda mara mbili kwa mwanawe na kukataliwa mara mbili. Njia nzima alikuwa ameipanga kesi yake.

Lalla Hadda alimtupia dengu usoni.

"Nitumwe? Mimi? Na nani, na Bu-Azza? Yule hata mbuzi wake hamsikii! Nimekuja kwa Mungu wangu, Addi. Nimeona nyuzi mbili zikioshwa kwa ajili ya harusi, zimeanikwa pamoja, zote nyekundu. Nikakosa usingizi. Ningewaacha walale pamoja, ndugu na dada, halafu nikaulizwe nini kule ahera? Niliwalisha kwa mikono yangu watoto wale!"

Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. Addi alifuta dengu kwenye ndevu. Bu-Azza akamtoka kichwani pale pale.

"Haya. Tuanze upya. Yule aliyeandika jiwe, alimwona nani akinyonyesha?"

"Nani, karani wa gavana? Alisimama langoni, akala kuku wangu wawili na malimau ya chumvi, akapanda gari. Chumba cha wanyonyeshaji hakuingia mwanamume yeyote. Hata mbwa dume tulimfukuza."

"Basi jiwe ni maneno ya kuku wawili."

"Na mkate."

"Na mkate. Wewe je? Ulimwona Rkia, kwa macho yako, akimpa Zayd ziwa?"

Lalla Hadda aliacha kupepeta.

"Mimi nilikuwa huku na masufuria. Waliniletea vichanga niwaoshe hapa penye joto. Niliona vifundo vyao. Niliona nyekundu."

"Uliona uzi. Hukuona ziwa."

"Uzi ndiyo ziwa. Ndiyo ilikuwa kanuni."

"Yamna rangi yake ilikuwa ipi?"

"Buluu. Ya nila. Yamna na buluu yake, akijidai nayo, maana nila ni ya gharama." Alicheka kidogo, kisha akakunja uso. "Ila Zayd aliletwa baadaye, kutoka upande wa kambi za wachungaji. Wakati huo gudulia la nila lilikuwa limeshapasuka. Dari liliangukia chumba cha rangi mvua za pili zilipokuja, na wakubwa walikuwa wameahidi mabati. Hayo mabati mpaka leo yako njiani."

"Kama daraja."

"Kama daraja," alisema Lalla Hadda, na akateremsha macho. Alijua. Rkia alifia upande huu wa mto, na gari la wagonjwa limesimama upande wa pili likiwasha na kuzima taa, kwa sababu daraja lililobebwa na mafuriko lilikuwa limejengwa upya kwenye hotuba tu.

Addi hakulifuata hilo. Alikuwa na kazi.

"Rangi gani ilisalia baada ya dari kuanguka?"

"Mizizi myekundu. Sufuria moja, lilikuwa hapa jikoni kwangu, ndiyo maana lilipona."

"Kwa hiyo Yamna, mtoto mpya mkononi, buluu hana, angefunga nini?"

Lalla Hadda aliweka ungo chini. Akasema polepole, "Lakini wasingekubali, Addi. Wanawake wawili, rangi moja? Wangewatofautishaje? Wale walikuwa wakali. Yamna alinifukuza mlangoni kwa kugusa mtoto wakati uzi wake umelegea. Lazima kungekuwa na alama nyingine."

"Ipi?"

"Ningeijua, ningeapa?"

*

Lalla Yamna hakuwa amesema neno tangu majira ya baridi yaliyopita. Ugonjwa ulimpiga upande wa kulia, ukachukua mkono, mguu na ulimi kwa pamoja. Alikaa kwenye matakia karibu na dirisha. Zayd, aliyelelewa naye na sasa ni fundi mawe mwenye mikono kama makoleo, alimfungulia Addi mlango na hakujua amkaribishe kama mkwe au kama askari.

"Ami Addi. Watu wanasema..."

"Watu wanasema tangu enzi za Nuhu. Lete uzi wako."

Zayd aliuleta ndani ya kitambaa. Addi alipiga goti mbele ya mwanamke yule, akautoa wa Tuda kwenye hirizi, akavilaza kwenye kiganja cha kushoto cha mama huyo, kile kizima, vipande viwili vya sufu, vyekundu kama chembe mbili za komamanga moja.

"Lalla Yamna, unanijua. Mimi ni mume wa Rkia."

Jicho moja lilimjibu kwamba linamjua.

"Hizi ni za mtu mmoja au za watu wawili?"

Hakuzitazama. Hilo ndilo lililomgutua Addi. Mtu yeyote angezipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Yeye aliinua macho darini, na kwa kidole gumba na cha shahada akaanza kuviringisha uzi wa kwanza, mbele, mbele, kama anayepima unga. Kisha wa pili, hivyo hivyo, mbele, mbele. Akaufumbata mmoja kiganjani. Ule mwingine akaudondosha kwenye goti la Addi.

"Upi kaubakisha?" aliuliza Zayd.

"Wako."

"Kajuaje? Hata hakuangalia!"

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Lalla Yamna hakuwa amemaliza. Alinyoosha mkono, akagonga mkono wa Addi. Wa kushoto. Akagonga tena. Nusu ya mdomo wake iliyobaki hai ikacheka.

Addi aliuokota uzi wa Tuda gotini, akauviringisha mbele kwa vidole kama alivyoona. Uzi ukalegea, nywele zake zikafumuka. Akamwomba mama yule ule mwingine, akauviringisha vile vile, upande ule ule. Ukakaza, ukawa mgumu kama utambi.

Akakaa chini kabisa, makalio sakafuni.

"Ami?" Zayd aliinama. "Nini?"

"Mafuta ya taa," alisema Addi. "Mwaka ule hayakuwepo. Walinyonyesha gizani. Gizani nyekundu na buluu zina tofauti gani?"

"Hazina."

"Basi hawakutegemea macho hata siku moja. Rangi ilikuwa ya mchana, ya akina Hadda na sisi wengine. Wao walikuwa na vidole."

Mkono wa kushoto husokota kinyume na wa kulia. Nyumbani kwa Addi, mama yake alimpiga Rkia kofi mkononi kila alipomkuta anasokota kwa kushoto, kwamba ni aibu, kwamba sufu itakayovaliwa msikitini haisokotwi kwa mkono ule. Rkia akahamia nyuma ya kitanda cha mfumi, akasokotea huko, na mbele za watu akashika kijiti cha kusokotea kwa kulia kama mgonjwa. Mjini hakuna aliyejua. Ila wanawake waliokaa naye chumba kimoja, vichanga vifuani, wakisokota ili wasisinzie, hao walijua. Na waliificha siri hiyo, wakaitumia.

Lalla Yamna alikuwa amefumba jicho. Alikuwa ameshamaliza ushahidi wake, na kwa sheria ya Sidi Larbi ushahidi huo haukuwa na thamani yoyote: mwanamke mmoja, bubu, mama wa bwana harusi.

"Zayd," alisema Addi akiinuka, "nitafutie sindano mbili za kushonea magunia. Tatu. Zilingane uzito."

*

Alasiri ya siku ya pili gari la Sidi Larbi lilikuwa linanguruma langoni kwa Nyumba ya Dharura, dereva hataki hata kulizima. Ndani ya ghala la zamani, Addi alikuwa amepanda ngazi. Alifunga uzi wa Zayd kwenye boriti, na mwishoni akafunga sindano kwa katikati yake, ilale sawa. Hatua moja pembeni, uzi wa Tuda, na sindano ya pili. Nyuzi alikuwa amezilowesha kidogo. Akazishika sindano zote mbili zisitikisike.

"Dirisha liko wapi, Sidi?"

"Lile pale. Ba Addi, gari..."

"Na mlango?"

"Nyuma yako."

"Lalla Hadda, wewe ulikula kiapo. Njoo karibu zaidi ya mtu yeyote."

Akaziachia.

Sufu iliyosokotwa ikining'inizwa na uzito hutaka kurudi ilikotoka. Sindano ya Zayd ilijigeuza, ncha yake ikaanza safari kuelekea mlangoni, ikapita, ikazunguka, ikazidi kasi. Ile ya Tuda ilitulia kidogo kama inayofikiri. Kisha ikaanza kuzunguka kuelekea dirishani. Zikawa zinapishana, moja hivi, moja vile.

Wanawake waliojaa mlangoni wakaanza kunong'ona.

"Rangi ni ya sufuria moja, na hilo hata mimi nakubali," alisema Addi. "Nila ilipotea, palibaki nyekundu tu. Lakini mkono uliosokota huu ni wa kulia. Uliosokota huu ni wa kushoto. Nyuzi mbili, wanawake wawili, na kila mnyonyeshaji alisokota wa kwake."

Sidi Larbi alizunguka chini ya boriti, akainama, akatazama kwa chini. Alikuwa mtu wa haki, hilo Addi alilikubali.

"Naona wanawake wawili," alisema. "Sioni Rkia. Wa kushoto ni nani? Ukiniambia wewe, ni neno la baba."

"Mimi sikwambii kitu."

Addi alishuka ngazi. Alivua selhamu, joho lake jeupe la sufu, lile alilolivaa kila baridi, ambalo Tuda alishachoka kumwomba asilivae sokoni.

"Lalla Hadda, hili nani alilisokota na kulifuma?"

"Rkia. Nilikuwepo siku alipolikata kwenye kitanda cha mfumi. Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe. Ndilo la mwisho." Akashtuka. "Addi, usi..."

Addi alikuwa ameshatia ncha ya kisu kwenye pindo. Alivuta. Uzi mweupe ukatoka, ukaendelea kutoka, na pindo likajikunja kama jani kavu. Alikata, akaulowesha, akapanda ngazi tena, akaufunga katikati ya zile mbili na kutundika sindano ya tatu.

Akaiachia. Hapo aliishika ngazi.

Sindano ya uzi mweupe haikufikiri. Ilizunguka moja kwa moja kuelekea dirishani, sambamba na ile ya Tuda, mpaka zikaonekana kama zinaenda mahali pamoja.

"Kushoto," alisema Sidi Larbi kwa sauti ndogo.

"Kushoto!" Lalla Hadda alijipiga paja. "Rkia! Miaka yote ile, ananipa chumvi kwa kulia kama malaika! Sidi, kiapo changu nilikula kwa rangi. Sikuona ziwa, niliona rangi, na rangi ilikuwa na watu wawili. Nakirudisha mbele ya hawa wote."

"Nimesikia."

"Na jiwe lile?" aliuliza Addi.

"Jiwe," alisema naibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, "nimeambiwa ni maneno ya kuku wawili."

Zayd hakungoja zaidi. Alitoka na patasi yake, na kabla dereva hajauliza kulikoni, marumaru ya gavana ilikuwa chini, imetoka nzima bila ufa.

"Usilivunje!" Lalla Hadda alipiga kelele. "Lete jikoni, uligeuze. Tangu mafuriko naomba meza ya kukandia unga."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake wazee, kikawafikia watoto wa uani ambao hawakujua kinachochekwa. Tuda alipita katikati yao, hina ya mikononi imeiva nyeusi, akaokota selhamu sakafuni. Akalikunja pindo lililoharibika ndani, lisionekane.

"Acha lionekane," alisema Addi.

Gari lilizimwa nje. Sidi Larbi alikaa kwenye gunia la sufu, akaweka ubao magotini, akafunua kalamu.

"Nilikuomba kitu kisicho na mapenzi ndani yake, Ba Addi. Hukukileta." Akaanza kuandika. "Bibi harusi, Tuda. Mama yake wa kunyonya?"

"Rkia binti Haddu, wa Tadart-Uzru."

"Rkia binti Haddu."

"Ongeza: alisokota kwa mkono wa kushoto."

"Hilo haliandikwi kwenye nikaha."

Addi aligeukia mlangoni. Pale walikuwa wale wanawake waliokuwa wamevunja kufuli la ghala hili kwa mikono yao wakati wakubwa wanatafuta mihuri. Walisimama, wanamtazama naibu.

Naibu wa kadhi aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha akarudi kwenye mstari, akaliandika.